MWALIMU ALITUACHA KWA SARATANI. JE, SISI TUTAENDELEA KUNYAMAZA?



Mwezi wa Oktoba umebeba mambo mengi kwetu. Ni mwezi wa Rozari Takatifu, ambapo jumuiya zetu hukutana jioni kusali. Tarehe 14 ya mwezi huu taifa zima humkumbuka Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Tena ni mwezi ambao ulimwenguni kote watu huelimishwa juu ya saratani ya matiti. Leo ukurasa wetu wa afya unapenda kuyaweka mambo hayo matatu pamoja, kwa sababu yanahusiana kuliko tunavyodhani.

Sisi tuliokuwa na akili zetu mwaka 1999 tunakumbuka tulikuwa wapi asubuhi ile ya Alhamisi, Oktoba 14, Rais Benjamin Mkapa alipolitangazia taifa kwamba Mwalimu amefariki dunia katika Hospitali ya St. Thomas, London. Watu waliacha majembe shambani. Wafanyabiashara walifunga maduka bila kuambiwa na mtu. Mwalimu alikuwa na umri wa miaka 77. Alizikwa nyumbani kwake Butiama tarehe 23 ya mwezi huohuo.

Kilichomuua ni saratani ya damu. Katika ugonjwa huo chembe nyeupe za damu huzaliana ovyo ndani ya uboho wa mifupa, hata zikazisonga chembe nzima ambazo mwili unazihitaji. Mgonjwa huishiwa nguvu, na kinga yake dhidi ya maradhi mengine hupungua.

Mwalimu aligundulika kuwa na ugonjwa huo mwaka mmoja hivi kabla ya kufa. Je, alikaa chini kusubiri mwisho wake? Hapana. Mwaka 1998 alianza kuwakutanisha ndugu zetu wa Burundi mjini Arusha ili waache kuuana, na kazi hiyo hakuiacha mpaka mwili ulipomshinda. Mapatano yenyewe yalitiwa sahihi Agosti 2000, yeye akiwa kaburini, baada ya Mzee Nelson Mandela kuipokea kazi hiyo. Sisi Wakatoliki tunamkumbuka pia kama mwamini mwenzetu aliyependa Misa, na aliyetumia miaka yake ya uzee kuziandika Enjili kwa mtindo wa tenzi. Kanisa limekwisha kumpa jina la Mtumishi wa Mungu. Kwa mtu wa namna hiyo, kulia peke yake si heshima ya kutosha.

Marais wawili, ugonjwa mmoja

Februari 29, 2024 taifa lilipata msiba mwingine. Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyepokea uongozi kutoka kwa Mwalimu mwaka 1985, alifariki dunia jijini Dar es Salaam akiwa na umri wa miaka 98. Rais Samia Suluhu Hassan alipotoa taarifa aliitaja sababu wazi, kwamba Mzee Mwinyi alikuwa akiugua saratani ya mapafu. Basi marais wetu wawili wa kwanza, mmoja Mkristo na mwingine Mwislamu, wamechukuliwa na maradhi ya ukoo mmoja.

Naomba hapa tuelewane vizuri. Kwa saratani ya damu kama ile ya Mwalimu, hakuna chanjo wala kipimo cha kuikamata mapema ambacho mtu angefanyiwa kijijini. Mwalimu alipata madaktari wazuri na hospitali nzuri, na bado alikufa. Lakini saratani inayoua akina mama wengi kuliko zote katika nchi yetu ni ile ya mlango wa kizazi, na hiyo inazuilika. Ina chanjo. Ina kipimo cha dakika chache. Ikikamatwa mwanzoni, inatibika ikaisha. Mwalimu alikufa kwa saratani ambayo hakuwa na namna ya kuizuia. Sisi tunawazika mama zetu na dada zetu, wengine wakiwa na umri wa miaka 40 na watoto wadogo, kwa saratani tuliyoweza kuizuia. Tofauti hiyo inaniuma, na ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu.

Hali ilivyo

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani, lilikadiria kuwa mwaka 2020 Tanzania ilipata wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 40,000, na kwamba watu karibu 27,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Katika wagonjwa hao, akina mama kama 10,000 walikuwa na saratani ya mlango wa kizazi, na zaidi ya 6,000 walikufa kwa hiyo. Nyingine zinazotusumbua ni saratani ya matiti, ya tezi dume kwa wanaume, ya umio, na ile ya ngozi na mishipa iitwayo Kaposi ambayo huwaandama hasa wenye virusi vya UKIMWI.

Mbona zamani hatukusikia habari hizi? Wazee huuliza hivyo, na swali lao ni zuri. Sababu ziko kadhaa. Kwanza, saratani nyingi ni maradhi ya umri mkubwa, na sasa watu wengi zaidi wanafikia umri huo. Pili, idadi yetu imeongezeka. Tatu, virusi vya UKIMWI vimedhoofisha kinga ya miili ya watu wengi na kuzifungulia njia baadhi ya saratani. Nne, tumbaku na pombe zimeingia katika maisha yetu kwa kasi. Na tano, zamani watu walikufa kwa saratani bila jina lake kujulikana. Ilisemwa tu kwamba fulani alikuwa na uvimbe, au kwamba amerogwa.

Mama wa benchi la mwisho

Katika jumuiya yetu alikuwapo mama mmoja mwimbaji mzuri, aliyekaa mstari wa mbele siku zote. Mwaka fulani tukaona amehamia benchi la mwisho, karibu na mlango. Baadaye akawa anaondoka kabla ya Komunyo. Mwishowe akaacha kabisa kuja. Baadhi yetu tukasema amelegea imani. Mungu atusamehe.

Ukweli tuliupata alipokuwa hawezi tena kuinuka kitandani. Alikuwa akitokwa na damu na maji yenye harufu, naye aliona aibu kukaa karibu na watu. Alianza kuona damu baada ya kukutana na mumewe, akanyamaza. Akaambiwa ni ukomo wa hedhi, akanyamaza. Akaambiwa amerogwa, na hapo ndipo mbuzi wawili na akiba ya nyumba nzima vilipokwenda kwa mganga wa kienyeji. Alipofikishwa hospitali kubwa, daktari alisema ugonjwa umekwisha kusambaa. Ilikuwa imepita miaka miwili tangu damu ya kwanza.

Ndugu msomaji, yule mama aliuawa na saratani, lakini aibu yake, uvumi wetu na nauli iliyokosekana viliisaidia. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Tumeizoea methali hii tangu UKIMWI ulipoingia, na saratani nayo inatudai tuikumbuke.

Maadui watatu wa Mwalimu

Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, Mwalimu alitutajia maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Tuliwakariri shuleni kama majina ya vipindi. Katika kisa cha mama yule, maadui wote watatu walikuwapo, kila mmoja akimshika mkono mwenzake. Maradhi yalianza. Ujinga ukayaficha. Umaskini ukayachelewesha.

Tuanze na ujinga, kwani huo tunaweza kuuondoa bila kusubiri fedha za mtu yeyote. Saratani haiambukizi kwa kula pamoja, kwa kushikana mikono wala kwa kumwogesha mgonjwa. Hakuna sababu ya kumtengea sahani yake. Saratani si laana, wala si adhabu ya dhambi ya ukoo. Kuchukua kinyama cha kupima hakuisambazi, kama wengi wanavyoamini. Kinachoua ni kuchelewa, kwani mtu hufanyiwa upasuaji ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea, akifa lawama hutupiwa kisu.

Yafuatayo yakionekana, mtu asikae nyumbani:

1. Damu ukeni baada ya tendo la ndoa, au kati ya hedhi na hedhi, au baada ya ukomo wa hedhi. Vilevile uchafu wenye harufu usiokwisha.
2. Uvimbe katika titi au kwapani, hata kama hauumi. Wengi husubiri maumivu, kumbe uvimbe wa mwanzo mara nyingi hauna maumivu. Chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu nayo ni dalili.
3. Chakula kukwama kooni, kwanza ugali, kisha uji.
4. Kidonda kisichopona, hasa mdomoni au kwenye ngozi.
5. Mkojo wenye damu, au mzee wa kiume kukojoa kwa shida.
6. Kikohozi cha wiki nyingi kisichosikia dawa, hasa kipimo cha kifua kikuu kikionyesha hakuna.
7. Mtoto kuvimba taya au tumbo kwa haraka. Ipo saratani ya watoto, iliyoelezwa na Daktari Denis Burkitt huko Uganda mwaka 1958, ambayo hukua upesi sana lakini mara nyingi hutibika vizuri ikiwahiwa.

Dalili hizi si lazima ziwe saratani. Lakini mwenye kuthibitisha ni mganga wa hospitali. Jirani hawezi.

Kinga iliyo mikononi mwetu

Saratani ya mlango wa kizazi husababishwa na virusi viitwavyo HPV, ambavyo huambukizwa kwa kujamiiana. Chanjo yake ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018, na tangu mwaka 2024 wasichana wa miaka 9 hadi 14 hupewa dozi moja tu. Haitozwi fedha.

Najua wazazi wengine wana wasiwasi, tena wazazi wema. Wapo waliosikia kwamba chanjo hii inafunga kizazi. Si kweli. Saratani yenyewe ndiyo inayoondoa kizazi, na mara nyingi inaondoa na mama mwenyewe. Wengine wanasema, binti yangu namlea katika usafi wa moyo, chanjo ya nini? Mzazi mwenzangu, endelea kumlea hivyohivyo, ni wajibu wako. Ila fikiri: binti aliyejitunza mpaka siku ya ndoa anaweza kuolewa na kijana ambaye hakujitunza, au aliyetubu na kuongoka lakini bado ana virusi asivyovijua. Chanjo haimfundishi mtoto uasherati, kama vile chanjo ya pepopunda isivyomfundisha kukanyaga misumari.

Kwa akina mama walio watu wazima kuna kipimo. Muuguzi hupaka siki maalumu kwenye mlango wa kizazi, na sehemu iliyoanza kubadilika huonekana nyeupe. Haichukui muda, wala hakuna kukatwa. Mabadiliko ya mwanzo yakionekana, mara nyingi hutibiwa kwa kuchomwa kwa joto au kugandishwa kwa baridi kali, na mama anarudi nyumbani siku ileile. Shirika la Afya Duniani linashauri kipimo kianze mama akiwa na umri wa miaka 30, na kwa wenye virusi vya UKIMWI miaka 25, tena hao wapimwe mara nyingi zaidi.

Yako na mengine. Chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo watoto wetu hupata katika zile sindano za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, inawakinga na saratani ya ini. Mahindi na karanga zilizoota ukungu zina sumukuvu, ambayo nayo huliharibu ini. Tusiwape watoto, wala tusizisage kwa kuona uchungu wa kuzitupa. Kichocho cha mkojo kisipotibiwa kinaweza kuleta saratani ya kibofu. Sigara na ugoro vina sehemu kubwa katika saratani za mapafu, kinywa na koo, na pombe kali inaongeza moto. Chai nayo tuiache ipoe kidogo kabla ya kunywa, kwani vinywaji vya moto sana vinahusishwa na saratani ya umio. Ndugu zetu wenye ualbino wavae kofia pana na mikono mirefu, na wapakwe mafuta ya kukinga jua. Pale KCMC Moshi hutengenezwa mafuta ya namna hiyo kwa ajili yao.

Umaskini na safari ndefu

Kwa miaka mingi mgonjwa wa saratani aliyehitaji mionzi, hata akitoka Kigoma au Kagera, alilazimika kusafiri mpaka Ocean Road, Dar es Salaam. Hospitali hiyo ya tangu enzi za Wajerumani ilifanywa kuwa Taasisi ya Saratani kwa sheria ya mwaka 1996. Baadaye Bugando ya Mwanza, hospitali ya Baraza la Maaskofu wetu, nayo ikaanza kutoa tiba ya mionzi. Tunashukuru. Lakini tiba ya mionzi huchukua wiki kadhaa. Mama wa kijijini anahitaji nauli, mahali pa kulala, chakula, na mtu wa kubaki na watoto. Wengine huanza tiba wakaikatiza kwa sababu hizo tu.

Serikali ina wajibu wake. Bunge lilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na sisi wananchi tuna haki ya kuuliza bima hiyo itamfikia lini mama wa kigangoni, na kama itamlipia dawa za saratani mpaka mwisho. Kuuliza hivyo si siasa ya chuki. Mwalimu mwenyewe alitufundisha kwamba maendeleo ni ya watu.

Tufanye nini parokiani?

Mwaka 1973, chini ya uongozi wa Mwalimu, ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu karibu milioni mbili walikusanyika katika vikundi vijijini, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana. Kisha waliinuka wakachimba vyoo, wakafyeka majani, wakasafisha visima. Hawakuwa na fedha nyingi. Walikuwa na vikundi na nia moja.

Wapendwa, Kanisa letu lina vikundi hivyo leo, kila mtaa na kila kitongoji: Jumuiya Ndogondogo za Kikristo. Kwa maoni yangu, mambo manne yanawezekana.

Kwanza, mwezi huu wa Rozari, kila jumuiya itenge jioni moja, na baada ya sala muuguzi au mganga azungumze juu ya saratani, watu waulize bila haya.

Pili, WAWATA wapatane na kituo cha afya kilicho karibu, akina mama waende kupimwa kwa kundi. Anayeona aibu kwenda peke yake haoni aibu akiwa na wenzake kumi.

Tatu, UWAKA wasikae pembeni. Kuna akina mama wanaozuiwa na waume zao kwenda kupimwa, na kuna akina baba wanaokojoa kwa shida mwaka mzima bila kumwambia mtu. Mwanamume aliyeapa altareni kumtunza mkewe katika afya na maradhi, basi ampeleke kliniki yeye mwenyewe.

Nne, jumuiya iwe na mfuko mdogo wa nauli za wagonjwa. Tunajua kuchangishana tukifiwa, hata jeneza la gharama hupatikana kwa siku mbili. Kwa nini tusichange mtu angali hai?

Na kwa wale ambao ugonjwa umekwisha kuwazidi, tusiwakimbie. Ipo dawa ya maji ya mofini inayotuliza maumivu makali. Baadhi ya waamini hudhani ni lazima mgonjwa ateseke ili alipe dhambi. Kanisa halifundishi hivyo. Papa Pius wa Kumi na Mbili alikwisha kueleza tangu mwaka 1957 kwamba ni halali kutuliza maumivu ya mgonjwa. Tumwite Padre mapema kwa ajili ya Mpako wa Wagonjwa. Hiyo ni sakramenti ya kumtia nguvu mgonjwa, na hatupaswi kuingoja mpaka dakika ya kukata roho. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anatuagiza tusali tukiugua, na pia tumpe mganga nafasi yake, kwa kuwa naye ameumbwa na Mungu.

Yule mama wa benchi la mwisho tulimzika kwa heshima zote, na kwaya yake iliimba vizuri sana siku ile. Aliacha mabinti watatu. Wawili wamekwisha kupimwa, na yule mdogo amepata chanjo. Mwalimu apumzike kwa amani, na mama yule naye. Oktoba 14 mwaka huu, tukitoka kanisani kumwombea Mwalimu, hebu kila mmoja wetu amuulize mama, mke, au dada yake swali moja tu: umekwisha kupimwa?

Mungu azibariki familia zetu.